Kitufe Kisicho na Jina

Kama umetoka hospitali leo na karatasi yenye neno glaucome, presha ya jicho, kaa kwanza. Kunywa maji. Mtafute mtu akusomee haya, au iache simu yako ikusomee. Sitakueleza ugonjwa wenyewe, mimi si daktari. Nitakueleza yaliyonipata mimi, Numbi, mwalimu wa darasa la sita hapa Kamina, mke wa fundi wa reli, mama wa binti mmoja. Nilipoteza macho mawili. La kwanza lilichukuliwa na ugonjwa. La pili lilichukuliwa na ugonjwa ukisaidiwa na watu, na watu hao bado wanakwenda kazini kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia pole.

Ilianza wakati wa kipwa, msimu wetu wa vumbi na moshi wa nyasi, kwa hiyo sote tulilaumu vumbi. Nilikuwa nagonga bega la kulia kwenye mlango wa darasa. Taa ilikuwa na duara la rangi kuizunguka. Wanafunzi wa upande wa kulia walizidi kuwa watundu, nami nikawaadhibu bure, kumbe wao walishagundua kabla yangu kwamba mwalimu haoni huko.

Wifi yangu Mado alikuwa na maelezo yake. Alikuja nyumbani na kuketi karibu na kaka yake, mume wangu Kabamba, akasema kana kwamba mimi sipo:

"Ile ugonjwa haiko ya hospitali. Kuna muntu anamufunga macho."

"Muntu gani?" Kabamba akauliza.

"Weye uliza bibi yako. Bantu wa kazi yake."

Tulipoteza karibu msimu mzima wa mvua kwa maneno hayo. Maombi siyakatai, naomba mpaka leo. Lakini nakuambia wewe uliye mwanzoni: omba ukiwa njiani kwenda hospitali, usiombe badala ya kwenda.

Benchi la chumba cha kusubiri ni refu na limebonyea katikati. Huko nilijifunza kuwajua watu kwa kikohozi na kwa sauti ya kandambili. Muuguzi mmoja, Tata Ilunga, yaani Baba Ilunga, hakuwa akiita majina kutoka mlangoni kama wenzake. Alikuja mpaka ulipo, akakugusa goti, akasema, "Mama Numbi, ni zamu yako, simama pole pole." Namkumbuka kwa lile guso kuliko kwa dawa yoyote aliyonipa.

Dawa yenyewe ilikuwa matone. Tone moja asubuhi, jingine jioni, yakiwasha kama pilipili. Hatukuwa na friji, basi Kabamba alifukia chupa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, akawa anaumwagia maji kila alfajiri kabla ya kwenda karakana. Moyo wangu ulianza kupiga taratibu, ngazi tatu za shule zikawa mlima. Kope zikarefuka na kuwa nyeusi. Wanawake sokoni waliniuliza nimepaka nini, na mimi, ambaye nilikuwa siwezi tena kuona bei iliyoandikwa kwenye kibao, nilijibu kwamba ni urembo wa hospitali.

Nikawa nahesabu muda kwa chupa. Kwenye chupa ya nne jicho la kulia lilifika mwisho. Ukungu uliingia kutoka pembeni, siku baada ya siku, mpaka ukakutana katikati. La kushoto lilibaki na tundu dogo. Nikimtazama Kabamba nilipata masharubu yake, au jicho lake moja, kamwe si uso mzima. Hata hivyo kwa tundu lile nilisahihisha madaftari, nikachagua mchele uliojaa mawe, nikasoma zaburi. Nilikuwa tayari kuishi na tundu lile mpaka kufa.

Tata Ilunga ndiye aliyeniletea habari njema. "Mama Numbi, madaktari ba macho banakuya mwisho wa mvua. Banapasua bule. Ile jicho ya kushoto, kama banaipasua, itabakia vile iko."

"Basi andika jina langu, Tata."

Akashusha sauti. "Siku hizi hatuandike. Banasema ni mu application tu. Karatasi iko pale ku ukuta."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba cha wagonjwa wa macho. Watu walikuwa wamekaa chini ya tangazo hilo tangu asubuhi, wakisubiri mtu awasomee. Lilikuwa na maandishi madogo ya kijivu na mraba wa nukta za kupiga picha kwa simu. Uandikishaji ulikuwa wa siku tisa.

Simu nilikuwa nayo. Binti yangu Ngoie, kabla ya kurudi Lubumbashi kwenye masomo yake, alikuwa ameniwekea ile sauti inayosoma kila unachokigusa kwenye kioo. Kwa sauti hiyo nilikuwa nikisoma ujumbe na kuujibu. Basi nilirudi nyumbani na furaha, nikaketi kwenye kiti cha jikoni, nikaifungua application ya idara ya afya.

Sauti ikasema kwa Kifaransa: "Bouton."

Nikasogeza kidole. "Bouton."

Nikasogeza tena. "Bouton sans nom."

Kitufe kisicho na jina. Vilikuwa vitano au sita, vyote hivyo. Nikabonyeza kimoja, kikanipeleka kwenye picha ya waziri. Nikabonyeza kingine, kikanifungia kila kitu. Siku ya pili niligundua kitufe cha nne ndicho kinachofungua fomu. Nikaandika jina langu. Nikafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, ambayo haikuandikwa, ilitakiwa kuzungushwa kwa kidole kama gurudumu, na gurudumu lile sauti haikulisoma hata kidogo. Nikabahatisha. Kisha ikaja picha yenye herufi zilizopindishwa, ili uthibitishe kwamba wewe ni binadamu. "Image," ikasema sauti, ikanyamaza. Nikasogeza lile tundu langu juu ya picha, herufi kwa herufi, pua ikigusa kioo. Nilipofika herufi ya tatu fomu ikajifuta. Muda ulikuwa umekwisha.

Nilirudia siku ya tatu. Siku ya nne. Siku ya tano nililia.

Kabamba hakuwapo. Mabehewa yalikuwa yameanguka upande wa Kabongo, naye alitumwa na timu ya kuinua, mahali pasipo na mtandao. Ngoie ningeweza kumpigia. Sikumpigia. Alikuwa kwenye mitihani, na mimi nimefundisha watoto wa mji huu kujaza fomu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nitaanzaje kusema fomu imenishinda? Nilidhani kosa ni langu. Nilidhani vidole vyangu ni vizito na akili imeanza kuzeeka. Wewe unayenisikiliza, ukisahau mengine yote, hili lishike: siku saba kati ya tisa nilizimaliza nikijilaumu mimi.

Siku ya nane nilikwenda ofisi ya idara ya afya. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo inayonikera zaidi nikiikumbuka.

"Mama, weye unataka nini?"

"Minyi nakuya kujiandikisha kwa operesheni ya macho. Application inanikatalia."

"Ingia mu application, Mama, ni rahisi."

"Minyi sioni muzuri. Njo maana nataka operesheni."

"Ndiyo, Mama. Ingia mu application, unaweka ile yote mu remarques, pale chini pa maelezo."

Siku ya tisa nilimeza aibu, nikampa simu mwalimu mwenzangu Kasongo wakati wa mapumziko. Yeye mwenye macho alihangaika mpaka kengele ikapigwa na watoto wakarudi ndani. Mwishowe akasema, "Inaingia, Mama Numbi," halafu akanirudishia simu.

"Inasema nini?"

"Inasema nafasi zimejaa."

Siku madaktari walipofika nilikwenda hata hivyo. Nilivaa kitenge cha kanisani. Palikuwa na hema uani na viti vimepangwa, na mimi kwa kale katundu nilihesabu viti vitupu, nikahesabu tena nikifikiri nimekosea. Waliojiandikisha wengi walikuwa vijana na watumishi wa ofisi. Walikuwa wakisomeana magazeti na kucheka. Nje ya kamba tulikuwa sisi wengine, tuliosindikizwa, tuliopapasa ukuta. Pembeni yangu alisimama bibi mmoja wa Kinkondja, Mama Kalenga, aliyenuka samaki mkavu na moshi, amebebwa siku mbili kwa baiskeli na mkwe wake. Alikuwa na macho yote mawili meupe.

Mtu wa uandikishaji alipita na kibao chake cha kioo. "Muntu haiko mu système, haiko," alisema. Alisema hivyo kwa kila mmoja wetu, kwa sauti ile ile. Mtu asiyekuwemo kwenye mfumo, hayupo. Nilikuwa pale, na kitenge changu, na mkoba wenye chupa ya tano.

Kisha daktari mwenyewe akatoka, mwanamke mwenye sauti nzito. "Wagonjwa wa pression wako wapi? Tangu asubuhi naona bantu wa miwani tu!"

"Docteur, njo liste ya application," yule mtu akajibu.

Daktari akaruka kamba, akatuangalia mmoja mmoja kwa tochi yake, tukiwa tumesimama. Alipofika kwangu alikaa muda mrefu. "Mama, hii jicho inapashwa kupasuliwa leo."

"Basi nipasue, Docteur."

Nikasikia wakigombana kando. Vifaa vimetolewa kwa hesabu ya majina. Ripoti imekwisha kutumwa. Ambaye hakufika anabaki ameandikwa hakufika, nafasi yake haihamishiki. Daktari alipaza sauti, akapiga meza, na mwishowe akashinda kwa mtu mmoja tu. Akamchagua Mama Kalenga, kwa kuwa alitoka mbali na haoni kabisa.

"Wafwako," bibi yule akasema, asante ya Kiluba, akinipapasa mkono wakati wakimwongoza ndani, akidhani mimi ndiye niliyemsaidia. Sitakudanganya. Kwa dakika tano nilimchukia mwanamke mzee kuliko mimi na maskini kuliko mimi, kwa sababu alipewa kilichokuwa haki yetu sote wawili. Hilo nalo nimewaandikia wale wa ofisini: kwamba mlinifundisha kumchukia.

Kabamba aliporudi na kusikia, hasira yake ilinikuta mimi kwanza.

"Kwa nini haukumupatia muntu simu tangu siku ya kwanza?"

"Kwa nini weye hukuwa hapa?"

"Minyi nilikuwa ku kazi!"

"Na minyi nilikuwa ku giza!"

Tulikaa wiki mbili tukizungumza mambo ya chumvi na maji tu. Mado akaja, akasema aliyoyasema. Safari hii Kabamba alimwambia arudi kwake. Kisha akaja kuketi kando yangu, akachukua mkono wangu na kuuweka kwenye uso wake, na nikajua kwamba alikuwa akilia, kwa kuwa masharubu yalikuwa yamelowa.

Jicho la kushoto lilikwisha kipwa kilichofuata. Shule ilinipa darasa la kuimba, ambalo ni jina la heshima la kukaa ofisini. Halafu maumivu yakaja, kichwa kizima, na kutapika, mpaka Kabamba akaamua twende Lubumbashi. Tulisubiri garimoshi siku mbili kwenye sakafu ya stesheni, juu ya mkeka, mafundi wenzake wakituletea chai na bukari, ugali wetu. Walinipasua huko. Maumivu yalikwisha. Kilichobaki ni kujua dirisha liko wapi kukiwa na jua.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Feza, mke wa askari wa Base ya Kamina, aliyepofushwa na sukari. Alikuwa na miaka minne gizani na mdomo usiolala. Simu yake ilisoma kwa kasi hata nikadhani ni mnyama anayetafuna.

"Nifundishe," nikamwambia.

Alinifundisha. Vidole viwili, vidole vitatu, kurudi nyuma, kuruka vichwa vya habari. Ngoie alikuja baada ya masomo yake na kukuta mama yake akicheka. Siku moja nilimsimulia Feza habari ya application. Akaifungua kwenye simu yake. Nikaisikia sauti ile: bouton, bouton, bouton sans nom. Yeye, bingwa, akafika kwenye picha ya herufi, akakwama palepale nilipokwama.

Akatupa simu kitandani. "Weye haukushindwa, Mama Numbi. Ile application njo ilishindwa. Bantu balitengeneza nyumba bila kuweka mulango."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba kosa kifuani kama jiwe la kusagia, na mwanamke mwenye vazi la hospitali alilinyanyua na kuliweka chini mahali pake. Baada ya hapo hasira ikaja. Nilikula vizuri siku hiyo, kwa mara ya kwanza.

Tuliporudi Kamina tuliomba kuonana na mkuu wa ile ofisi. Tulikwenda watatu: mimi, Feza, na Tata Monga, mzee aliyepoteza mkono kazini relini, ambaye macho yake ni mazima. Mkuu alitupokea kwa heshima, akatuletea viti.

"Application iko muzuri, bamama. Tuliijaribu mbele ya kuitoa."

"Mulijaribu na nani?" nikauliza.

"Na agents yetu, bantu ba hapa ofisi."

"Bote banaona?"

Feza akatoa simu, akaweka mezani. "Patron, funga macho. Jiandikishe."

Akacheka. Hatukucheka. Tata Monga akampa leso yake iliyopigwa pasi. Sijui ni aibu au ni ukimya wetu, lakini aliivaa. Tulisikia kidole chake kikigonga kioo na sauti ikimjibu: bouton, bouton. Alipofika kwenye gurudumu la tarehe alianza kuhema. Alipofika kwenye picha akauliza, "Sasa hapa bantu banafanya nini?"

"Hapa," nikamwambia, "bantu banabakia bipofu."

Akavua leso. Akasema kile wanachosema wote: fundi aliyeitengeneza yuko Kinshasa, ofisi yake haina mamlaka, ataandika barua. Nikamwambia aandike tukiwa tumekaa pale. Akaandika. Feza akamwomba aisome kwa sauti, akamrekebisha mara mbili.

Tangu siku ile, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, tunakutana sebuleni kwangu. Tunachukua tovuti na application za serikali, zile ambazo mtu hawezi kuziepuka: matokeo ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, orodha ya walimu, hospitali. Kila moja tunaijaribu tangu mwanzo mpaka mwisho, kama mtu mwenye shida ya kweli. Feza na mimi kwa sauti. Tata Monga kwa mkono mmoja, naye hutuambia pia kama maandishi ni hafifu mno kwa mzee. Tunaandika tulitaka nini, tulikwama wapi, na baada ya dakika ngapi. Kisha tunatuma kwa mwenye nayo, na mwezi unaofuata tunarudi palepale kuangalia kama pamesogezwa kitu. Mara nyingi hapajasogezwa. Ofisi moja ilitujibu kwa barua ya shukrani iliyopigwa picha, ambayo simu zetu haziwezi kuisoma. Tuliirudisha na ripoti.

Watu huniuliza kwa nini najichosha. Kanisani wananiambia nishukuru kwa uhai. Nashukuru. Lakini msinifundishe subira kwa jambo ambalo lingetengenezwa kwa siku moja na mtu aliyekaa kwenye kiti. Ugonjwa wangu sikuweza kuukaripia, hauna masikio. Hawa wanayo.

Mwisho wa mvua hii tuliambiwa madaktari wanarudi. Safari hii Tata Ilunga amepewa daftari, anaandika kwa mkono majina ya wanaofika mlangoni, na orodha zote mbili zina thamani moja. Application nayo imebadilishwa. Jumatatu yetu ilipofika niliifungua, Feza amekaa kushoto kwangu, Kabamba jikoni akichemsha chai.

"Bouton: kujiandikisha," sauti ikasema.

Tarehe niliiandika kwa namba. Mahali pa picha palikuwa na swali la kawaida la hesabu, la darasa la pili. Nikalijibu. Fomu haikujifuta. Sauti ikasoma: "Nafasi yako imethibitishwa. Jicho la kushoto. Tafadhali fika saa moja asubuhi."

Kabamba aliacha kukoroga chai.

"Mama Numbi," Feza akasema polepole, "unalia?"

"Hapana."

Nikatafuta kitufe cha kufuta. Nacho sasa kilikuwa na jina. Nikakibonyeza, ili nafasi ile imwendee mtu ambaye bado ana jicho la kupasuliwa. Kisha nikafungua ripoti ya mwezi na kuandika mwenyewe, herufi moja moja: imewezekana, dakika sita, imechelewa jicho moja.